Kadi Mbili kwa Barabara Moja

Mtu niliyempenda kuliko wote Riyadh aliendesha gari wiki nzima, na siku yake ya kupumzika aliendesha gari tena. Gari la mapumziko lilikuwa lori la trela, ndani ya kompyuta, na mbele yake au nyuma yake kulikuwa na lori jingine lililoendeshwa na binti yake wa darasa la sita, aliyekuwa Kitale.

Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa na digrii ya takwimu, kazi ya ulinzi kwenye jengo la maduka, kitanda cha juu katika chumba cha walinzi kule Shumaisi, na tabia ya kuuliza kwa nini hadi watu waondoke mezani. Yeye alikuwa dereva wa familia moja kule Suwaidi. Tulikuja msimu mmoja, kupitia ajenti mmoja wa Nairobi, wakati ambapo kila nguzo ya stima ilikuwa na karatasi ya kazi za Ghuba. Ndani ya ndege tulikaa viti vya kando kwa kando, na kabla hatujatua nilikuwa nimemchambulia mkataba wake hadi akaanza kuniita Profesa. Mimi nilimwita Mzee, ingawa mwili wake haukuwa na uzee wowote isipokuwa upara uliomuwahi.

Chumba chake kilikuwa kando ya lango la nyumba ya bosi. Kitanda, friji fupi, ubao wa kupigia pasi. Ubao huo aliushusha hadi usawa wa magoti na kuufungia usukani wa plastiki wenye pedali zake, na mbele ya usukani akaweka skrini. Chini, sakafuni, palikuwa na kile kisanduku ambacho Wakenya wote tunakiita CPU, chembamba kama kamusi kubwa, kilichotoka katika ofisi fulani iliyobadilisha mashine zake.

"Mzee, kwani wewe huchoki?" nilimuuliza. "Umempeleka madam saluni, watoto tuisheni, baba uwanja wa ndege. Sasa unapumzika kwa kushika usukani?"

"Huyu lori hana madam kiti cha nyuma," alisema, akiweka indiketa kabla ya kuingia barabara kuu ya nchi isiyokuwepo. Hata kwenye mchezo alikuwa anaweka indiketa.

Kisha nikasikia sauti ya mtoto, ikikwaruza kama redio ya askari. "Dadi, uko wapi? Nimefika petroli."

"Nakuja, nakuja. Ningoje hapo kwa lami, usiingie kwa nyasi."

Nilikaa kitandani kusikiliza, na maswali yangu yakaanza kupungua moja baada ya jingine, jambo ambalo halinipati mara nyingi.

Wakati huo simu za bure za mtandaoni zilikuwa zimezibwa Saudia. Ujumbe wa maandishi ulipita na picha zilipita, lakini ukibonyeza kupiga, kimya. Tulinunua kadi za kupigia simu za nje, na dakika zake ziliisha mtu akiwa bado anasalimia. Mzee alikuwa amejaribu simu hizo kwa miezi mingi. Mtoto alipewa simu na mama yake, akasema hajambo, akasema shule ni sawa, akasema ndiyo, akasema ameshakula. Baba alikuwa amegeuka mgeni wa kupokelewa sebuleni. Kisha mama wa mtoto, ambaye ana saiba, duka la kompyuta za kukodisha, karibu na stendi ya Kitale, anapiga chapa na kujazia watu fomu, akaweka mchezo wa malori kwenye mashine moja ya pembeni ili binti atulie anapomngojea wafunge duka. Mchezo ulikuwa na redio: ukishika kitufe, dereva wa lori la jirani anakusikia. Redio hiyo haikuwa imezibwa.

Na humo ndani mtoto aliongea. Sijui wataalamu wa saikolojia wanasemaje, na nisingewaamini bila kuona data zao, lakini nilichokiona ni kwamba msichana aliyekuwa na macho barabarani alisahau kwamba anahojiwa. Alisimulia kuhusu mwalimu mpya wa sayansi mwenye viatu vinavyolia. Alisimulia kuhusu uchaguzi wa mpiga kengele wa shule, cheo alichokitaka kuliko uongozi wowote, kwa sababu mpiga kengele ndiye pekee anayeruhusiwa kutoka darasani bila kuomba. Alieleza mikakati yake ya kampeni huku akipanda mlima na mzigo wa mbao. Saa za Riyadh na saa za Kitale ni zile zile, kwa hiyo Ijumaa akitoka shule na kuingia saiba, baba yake alikuwa ameshafunga usukani kwenye ubao wa pasi na kuwasha injini.

Ndipo lilipokuja tangazo. Siku moja Mzee aliwasha mchezo akakuta sanduku la maandishi katikati ya skrini. Akaniomba nilisome kwa makini kwa sababu mimi ndiye mtu wa kutilia mashaka maandishi. Nililisoma mara mbili nikitafuta mwanya. Hapakuwa na mwanya. Mwezi uliofuata mchezo ungehamia toleo jipya, na kadi za picha za zamani, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila unachokiona kwenye skrini, zisingeweza tena kulichora. Asiye na kadi mpya hangeingia barabarani.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Kwa hiyo CPU yako itakuwa meza ya kuwekea chai."

Hakucheka. "Profesa, nisaidie tununue. Pesa ninayo, ile akiba ya bahasha. Si nyingi, na haitaongezeka, maana ya mwezi huu nimeshaituma karo. Lakini nisaidie isiibwe na wauza duka."

Kazi hiyo niliipokea kwa furaha ambayo leo naiona ya kuchekesha. Siku hizo nilisimama zamu mlangoni kwenye jengo la maduka nikisoma habari za kadi za picha kwenye simu kila wateja walipopungua. Nilisoma walioisifu kadi fulani, kisha nikasoma waliowatukana walioisifu, kisha nikajiuliza kila mmoja analipwa na nani. Nilijifunza kwamba neno "geming" likiandikwa kwenye boksi linapandisha bei bila kuongeza chochote ndani. Nilijifunza kwamba watu hununua kadi kali wakaifunga kwenye mashine dhaifu, kisha wakalaumu kadi. Nilifikia uamuzi. Kadi moja, ya kati, iliyotoka mwaka juzi, ambayo watu walikuwa wameshaacha kuisifu na kwa hiyo bei yake ilikuwa ya kweli.

Tulikwenda soko la kompyuta la Riyadh pamoja. Muuzaji alikuwa kijana wa Kiyemeni mwenye tabasamu la kukaribisha ndugu, na kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshashusha boksi lenye picha ya joka.

"Sadiki, hii namba wani. Geming. Halas."

"Kwa nini ni namba wani?"

"Kwa sababu kila mtu nunua."

"Waliorudisha ni wangapi?"

Alimgeukia Mzee kama mtu anayetafuta polisi. "Huyu ndugu yako ni mgonjwa?"

"Amesoma," Mzee alisema. "Ni kama ugonjwa, lakini hauambukizi."

Nilimwelekeza muuzaji kwenye kadi niliyoitaka. Aliishusha kwa huzuni. Niliigeuza, nikasoma kila pembe ya boksi, nikauliza kuhusu waranti, nikabishana kuhusu bei hadi akaapa kwa watoto ambao nilimwambia umri wake hauwaruhusu kuwa wengi hivyo. Mwishowe tulifikia bei iliyoingia kwenye bahasha na kuacha chenji ya kuiongezea mashine kumbukumbu. Nilikuwa nimeshinda. Nilimgeukia Mzee ili atoe pesa.

Alikuwa ameshika boksi kwa mikono miwili, akilipima uzito. "Na ya pili atatuuzia bei hii hii?"

"Ya pili gani?"

"Ya Kitale."

Niliushusha mkono niliokuwa nimeunyooshea bahasha.

"Profesa, ile mashine ya saiba ni nzee kuliko yangu. Mimi nikiingia barabarani peke yangu, naenda kumpelekea nani mzigo?"

Yale yote niliyosoma mlangoni yalihusu mashine moja. Nilikuwa nimepima nguvu, joto, bei na umri, na sikuwa nimewahi kumweka mtoto kwenye hesabu. Myemeni alikuwa anatutazama tukiongea Kiswahili, akahisi biashara inamponyoka, akapunguza bei tena bila kuombwa. Haikusaidia kitu. Bahasha ilitosha kadi moja nzuri, na Mzee alihitaji mbili. Alimrudishia boksi kwa heshima, akamshukuru kwa Kiarabu chake cha barabarani, tukatoka.

Njiani nilijaribu kumshawishi. Nilimwambia anunue moja nzuri sasa, ya binti ingekuja baadaye. Aliniuliza baadaye ni lini. Nilimwambia basi anunue nzuri ya mtoto, na yake iwe hafifu. Alilitafakari hilo kidogo zaidi, kisha akakataa pia.

"Akiona milima vizuri na mimi sioni, tutaongea nini? Ataniambia 'Dadi ona ile treni' na mimi naona ukungu. Nataka tuone kitu kimoja. Hata kikiwa kibaya, kiwe kibaya kimoja."

Sijawahi kusoma mahali popote kigezo cha namna hiyo cha kuchagulia kadi ya picha. Kadi mbili zinazofanana, za bei ya chini kabisa zinazoweza kuingia barabarani, zinazoingia kwenye visanduku viwili vyembamba vya ofisi. Niliporudi zamuni nilianza utafiti upya, na ajabu ni kwamba sasa ulikuwa rahisi. Swali likishakuwa sawa, majibu mengi hujiondoa yenyewe. Kadi iliyobaki ilikuwa ndogo, fupi, isiyo na joka, iliyotengenezwa kwa ajili ya makarani.

Tatizo ni kwamba Riyadh sikuzipata mbili. Kisha kampuni yetu ya ulinzi ikanihamishia Jeddah kwa miezi michache, nikapewa kitanda katika fleti ya kupanga kule Bani Malik, na huko mtaani nikamkuta mzee mmoja wa Kisudani aliyeuza vifaa vya kompyuta zilizong'olewa maofisini. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi. Hakusifu chochote. Ukiuliza kama kitu ni kizuri anakichomeka kwenye mashine yake iliyo wazi juu ya meza, anaiwasha, na anakuacha utazame mwenyewe huku yeye akiendelea na chai yake. Kwa mtu wa aina yangu hiyo ilikuwa pepo. Alikuwa na zile kadi za makarani, kama dazeni, zote mapacha. Nilimfanya achomeke zote. Hakulalamika. Nilichagua mbili na Mzee akatuma pesa, na bahasha yake ikawa karatasi tupu.

Bahati ilitusukuma mbele. Shule za Saudia zilifunga, na familia ya bosi wa Mzee ikaja Jeddah kupumzika baharini, naye akawaleta. Alipofika Bani Malik Ijumaa ya kwanza alikuwa amebeba CPU ndani ya blanketi, na usukani ukiwa umefungwa kwenye mfuko wa mchele. Kadi ya Kitale ilikuwa mezani, ndani ya plastiki yake, ikimsubiri dada mmoja kutoka kwetu aliyefanya kazi za nyumbani hapo Jeddah na ambaye angesafiri likizo siku ya pili yake. Kadi ya Mzee niliifunga mwenyewe. Iliingia kama iliyozaliwa humo.

"Sasa stima," nilisema.

Waya aliokuja nao kutoka Riyadh ulikuwa na plagi ya miguu bapa miwili, kama soketi zote za kawaida za huko. Katika fleti yetu soketi za namna hiyo zilikuwa zimejaa: friji, jiko la umeme, simu za watu sita. Mzee alizunguka chumba akitafuta, akainama nyuma ya pazia karibu na AC, na nikamsikia akicheka kwa furaha.

"Profesa! Kuna soketi ya kwetu huku!"

Kweli ilikuwa ya kwetu. Matundu matatu ya mraba, na swichi yake pembeni, kama ukutani kwa mama yako. Sikuwa nimeona nyingine tangu nitoke Nairobi. Na chini ya kitanda changu nilikuwa na waya wa miguu mitatu niliotoka nao nyumbani na ambao haukuwahi kunifaa kitu. Nilimrushia. Alichomeka kwenye CPU, akachomeka ukutani, swichi ikalia tk kama swichi za nyumbani, na tukatazamana tukitabasamu.

Mlipuko haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu amekanyaga chupa ya plastiki. Kisha moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kisanduku, na harufu ambayo kila aliyewahi kuunguza kifaa anaijua.

Maelezo tulipewa baadaye na yule Msudani, bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake, kama mtu aliyewaeleza Wakenya wengi. Nyumba za zamani za Saudia zina umeme wa aina mbili. Soketi za kawaida zina volti mia na kumi. Zile za AC zina mia mbili na ishirini, na ndizo zenye matundu matatu. Nyuma ya CPU ya Mzee, kwenye pawa saplai, ile sehemu inayopokea stima, kulikuwa na kitufe kidogo chekundu kinachochagua kati ya hizo mbili, na tangu Riyadh kilikuwa kwenye mia na kumi. Sisi tumetoka nchi yenye umeme wa aina moja. Soketi ni soketi. Nilikuwa nimehoji kadi, wauzaji, wakosoaji wa kadi na watoto wa Myemeni, na kitu pekee nilichokiacha kipite bila swali ni kile kilichofanana na nyumbani.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Wakati ule tulikuwa wawili chumbani na moshi. Mzee alichomoa waya, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti. Ijumaa iliyofuata toleo jipya lingeanza. Hakuwa na pesa, na hatukujua kama kadi yake ilikuwa hai.

"Kuna njia ya kujua ni nini kimeungua," nilisema, nikiitazama ile kadi ya pili mezani. "Tunatafuta pawa saplai ya kuazima, tunachomeka ile nyingine, tunalinganisha."

"Hiyo ni ya mtoto."

"Ni kuijaribu tu, Mzee."

"Isiguswe."

"Na yako ikiwa imekufa? Yake itafika Kitale, ataingia barabarani, na wewe hutakuwepo. Si itakuwa haina maana?"

"Ataingia," alisema. "Ataona ile barabara mpya. Atangoja kwa petroli. Mimi nitafika tu. Siku nitakayofika nitamkuta." Kisha akanitazama, bila hasira. "Lakini nikifika mimi na yeye amefungiwa nje, hiyo ndiyo haina maana."

Nimekuwa na wahadhiri walionifundisha nadharia ya maamuzi kwa mihula miwili. Sijasikia aliyeipanga hasara yake kwa utulivu kama ule, na moshi ungali puani.

Dada alikuja kesho yake asubuhi kwa teksi ya kushirikiana na wengine, akakataa kushuka kwa sababu dereva alikuwa anapiga kelele za yalla, twende. Nilimpitishia kadi dirishani. Aliigeuza.

"Hii ni nini? Isije ikanilipukia huko juu."

"Zilizolipuka ziko kwa nyumba," Mzee alisema.

"Wakiniuliza airport?"

"Waambie ni ya kompyuta."

"Nitawaambia ni ya mtoto," alisema. "Askari akisikia kompyuta anataka kujua. Akisikia mtoto, anataka twende." Akaisokomeza katikati ya moja ya yale mablanketi mazito ambayo hakuna dada wa kwetu anayerudi nyumbani bila kuyabeba, akaniambia nijitunze, na teksi ikaondoka. Nilimtazama akienda nikijua kwamba nimetumia wiki nzima kuwaza mizigo, forodha na kodi, na yeye amemaliza suala lote kabla dereva hajabadilisha gia.

Wiki hiyo nilikuwa zamu ya mchana na sikumwona Mzee. Alikuwa akizungusha familia baharini. Alhamisi nilirudi fleti nikakuta CPU iko juu ya meza, kifuniko kimefungwa, na nyuma yake pawa saplai nyingine, iliyokwaruzika lakini nzima. Kitufe chake chekundu kilikuwa kimeelekezwa mahali panapofaa na kufunikwa kwa karatasi ya gundi ili kisisogee. Ukutani, juu ya soketi ya kwetu, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nzito: HII SI YA KWETU.

Mwenzangu wa chumba alinieleza kwamba Mzee alipita na kifurushi, akashuka kwa Msudani, akapanda na kisanduku cha chuma. Kadi ilikuwa hai. Waliijaribu juu ya meza ya Msudani.

Sikuuliza kifurushi kilikuwa nini. Niliangalia pembeni ya kabati ambako mfuko wa mchele ulikuwa umewekwa. Haukuwepo.

Ijumaa alikuja mapema, amenyoa, amevaa shati la kanisani. Aliwasha mashine, tukatazama toleo jipya likifunguka. Aliweka ubora wa picha chini kabisa, kama tulivyokubaliana na mama mtoto kwa ujumbe, ili pande zote mbili zifanane. Vivuli vikazimwa. Miti ikawa kama mboga zilizochemshwa sana. Lakini barabara ilikuwa pale, na petroli ilikuwa pale, na Mzee akaweka vidole vyake vinene kwenye kibodi, mahali ambapo wiki chache nyuma pangekuwa na usukani, akavijaribu kama mtu anayejifunza kinanda.

"Uliuza?" nilimuuliza hatimaye.

"Tulibadilishana. Mjukuu wake anapenda magari."

"Ungeuza saa yako ya mkono. Ungeniambia tukope."

"Saa naitumia," alisema. "Usukani nashika kila siku. Huu mkono umeshajua usukani, Profesa. Wacha sasa ujue kibodi."

Redio ikakwaruza.

"Dadi? Uko?"

Mzee alikuwa amesahau kitufe cha kuongelea kiko wapi bila usukani, na nilimwona akipapasa, midomo ikisogea, jibu likiwa tayari na njia haipo. Nilimwonyesha.

"Niko, mami. Niko."

"Mama ameweka ile kadi. Alifungua na bisibisi ya cherehani. Unaona kuna treni?"

Alisogea karibu na skrini. Nyuma ya miti ya kuchemshwa kitu cha mstatili kilikuwa kinapita. "Naona," alisema. "Naona treni."

Wakaondoka. Lori lake liliyumba kulia, likarudi, likayumba kushoto. Kibodi haijui kukata kona polepole. Ama unageuka, ama hugeuki. Trela ilipangusa kingo za barabara. Mtu aliyeendesha miaka yote bila kukwaruza hata kioo cha pembeni alikuwa anakwenda kama aliyejifunza jana.

"Dadi, mbona unayumba?"

"Barabara ni mbaya."

"Barabara ni hii hii. Umelewa?"

Mwenzangu wa chumba aliangua kicheko, Mzee akamnyamazisha kwa mkono, na ule mkono kuondoka kwenye kibodi ukamtumbukiza mtaroni.

"Ngoja," mtoto alisema. Tulimwona akisimamisha lori lake, akirudi nyuma, trela yote imenyooka, hadi akafika mbele yake. Akaweka indiketa. "Nifuate mimi. Nitaenda polepole. Usinipite."

"Sitakupita."

Alimtoa mtaroni hivyo, akitangulia, akimwambia kona kabla haijafika, kulia kidogo, sasa nyoosha, na Mzee akafuata taa zake za nyuma, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi anayeandika. Nilikuwa na swali moja nililotaka kumuuliza, kuhusu thamani ya usukani ukilinganisha na pawa saplai kuukuu. Nililiacha.

"Na Dadi, sijakuambia," sauti ilisema walipofika tambarare.

"Niambie."

"Kengele. Wamenichagua mimi."

Lori la nyuma likasimama katikati ya barabara. La mbele likaendelea kidogo, likaona, na lenyewe likasimama, taa zikiwaka na kuzima, likingoja.